Madhubala: tuweke pembeni kidogo stori ya mapenzi, tuongelee mikataba na moyo wake

Ukimtaja Madhubala, yule staa wa kike wa sinema za Bombay, mbele ya mtu anayezijua picha za Kihindi za zamani, muda si mrefu ushaambiwa habari za Dilip Kumar, muigizaji mwenzake. Kwamba walipendana, baba mtu akatia ngumu, wakaachana, binti akaugua moyo na akafa na miaka 36. Wengi tumeipokea hivohivo na hatujawahi kuihoji, manake hata picha zenyewe ndo zinavyokwendaga, steringi kampenda binti, mzee hataki, wanaimba wanalia, mtu anakufa.

Ila ukikaa chini ukapanga matukio kwa miaka yake, stori hiyo inaanza kuvuja. Hivi kwanini binti ambaye alishatapika damu mbele ya watu aliendelea kupiga picha juu ya picha? Kwanini kesi maarufu iliyowatenganisha ilifunguliwa na prodyuza, mtu ambaye hayumo kabisa kwenye mapenzi yao? Na kwanini alipopelekwa London walimrudisha bila kumpasua wakati upasuaji wa moyo ulishaanza? Majibu ya haya hayapo kwenye mapenzi. Yapo kwenye vitu viwili ambavyo watu huwa wanavipita haraka: pesa ya nyumbani kwao, na tundu alilozaliwa nalo moyoni.

Tuanze na nyumbani.

Jina lake halisi ni Mumtaz Jehan Begum Dehlavi, kazaliwa Delhi tarehe 14 Februari 1933, siku ambayo dunia nzima inaijua kwa mambo ya wapendanao na waandishi hawajawahi kuiacha ipite bila kuisemea kitu. Baba yake, Ataullah Khan, alikuwa Mpashtuni, asili yao ni upande wa Peshawar, na alikuwa ameajiriwa kampuni ya tumbaku mpaka kazi ikaisha. Mzee ana watoto 11 kwa jumla (wengine walikufa wadogo), hana mshahara, akabeba familia akaja nayo Bombay. Pale ndo binti wa kama miaka tisa akaanza kuzungushwa studio. Mwaka 1942 akapata nafasi ya utotoni kwenye Basant, picha ya kampuni ya Bombay Talkies, na kwenye mabango akaitwa Baby Mumtaz. Picha ikapiga sana. Kadri miaka ilivyokwenda, mtu wa kuleta hela nyumbani akawa yeye.

Hapa ndo pa kusimama kidogo. Watu wakimchora Ataullah wanamchora kama adui wa kwenye picha, mzee mkali wa kufunga milango. Ukali alikuwa nao kweli, hakutaka binti aende kwenye pati, hakutaka aende kwenye uzinduzi wa picha, shutingi za usiku na za mbali na mji alikuwa anazikwepa, na mahesabu yote na mikataba yote ilipita mkononi mwake. Lakini alikuwa pia meneja wa mtu mmoja anayelisha nyumba nzima. Aprili 1944, meli ya Fort Stikine ikiwa imebeba baruti na pamba ililipuka bandarini Bombay, mlipuko ukafagia mitaa ya karibu, na nyumba waliyokuwa wanaishi familia ile ikaondoka na mtaa. Walipona, inaelezwa walikuwa wametoka kwenda kuangalia sinema. Mzee aliyepitia kukosa kazi, kuzika watoto na kupoteza nyumba, alafu ana binti mmoja ambaye kamera inampenda, unategemea awe mlegevu kwenye mkataba? Simtetei, mi naona alimkamua yule binti kupita kiasi, ila angalau tujue alikuwa anaogopa nini.

Na biashara yenyewe ilikuwa inabadilika miaka ileile. Zamani kidogo, kampuni kama Bombay Talkies, iliyoanzishwa 1934 na Himanshu Rai na mkewe Devika Rani, ilikuwa inaajiri watu kwa mwezi, kuanzia waigizaji mpaka mafundi, kama kiwanda. Baada ya vita vya pili mfumo huo ukaporomoka. Wakaja maprodyuza wa kujitegemea, hela wanakopa kwa matajiri na kwa wasambazaji, na muigizaji hana tena mshahara, anasaini picha moja moja na kuchukua advansi. Kwaiyo staa akawa anasaini picha kibao kwa wakati mmoja, asubuhi yuko kwa huyu, jioni kwa yule, na prodyuza akiishiwa hela katikati picha inalala miezi, saa nyingine miaka. Kitu cha thamani kuliko vyote kikawa ni tarehe, yaani siku ngapi staa amekupa. Shika hilo, tutalirudia kwenye kesi.

Mwaka 1947 Kidar Sharma akampa nafasi ya binti mkuu kwenye Neel Kamal, na mwenzake akiwa kijana anayeitwa Raj Kapoor ambaye nae ndo kwanza anapewa nafasi kubwa. Binti ana miaka 14. Baada ya hapo jina la Mumtaz likawekwa kando, likaja Madhubala.

Kilichomtoa ni Mahal, 1949, dairekta Kamal Amrohi, na yeye ndo picha yake ya kwanza kuongoza. Ni stori ya jumba la zamani, mwanaume anaamini aliishi humo maisha ya nyuma, na kuna mwanamke anaonekana na kupotea, mara kwenye bembea, mara kwenye mashua. Steringi alikuwa Ashok Kumar, mtu mzima anayekaribia 40, na Madhubala ana 16. Maprodyuza walikuwa wanamfikiria Suraiya, aliyekuwa na jina kubwa zaidi, Amrohi akang'ang'ania huyu. Ule wimbo wa Aayega Aanewala ulipigwa studio kwa ujanja ambao muimbaji wake, Lata Mangeshkar, mwenyewe aliusimulia, kwamba alianza kuimba akiwa mbali na maiki anasogea taratibu ili sauti isikike kama inakuja kutoka mbali. Sahani ya santuri ikatoka haina hata jina lake, imeandikwa Kamini, jina la mhusika wa kwenye picha! Watu wakaanza kuisumbua redio wakitaka kujua nani kaimba. Mtunzi wa muziki ule, Khemchand Prakash, alifariki Agosti 1949, picha ikatoka Oktoba, hakuona chochote. Picha moja ikazaa mastaa wawili, mmoja wa sura na mmoja wa sauti, na kwa miaka mingi baadae wakawa wanatembea pamoja hivo.

Kwetu pwani huko hizi nyimbo ndo zilitangulia kuliko majina ya waigizaji, watu walikuwa wanatoka sinema Zanzibar au Mombasa wakiwa na melodi kichwani, na wapiga taarabu kama Juma Bhalo wa Mombasa wakazichukua melodi za picha za Kihindi wakazitilia mashairi ya Kiswahili, mpaka kuna vijana wanadhani wahindi ndo wameiga. Nimepita tu hapo, tuendelee.

Baada ya Mahal binti akafurikiwa na kazi. Na hapa ndo ule uoga wa mzee unapoonekana kwenye hesabu, manake alisainishwa vitu vingi mno na vingi vilikuwa vya hovyo, picha za kuganga njaa. Tarana ya 1951, na Dilip Kumar, ilienda vizuri na hapo ndo mapenzi yalipoanzia. Lakini miaka ya mwanzoni mwa 50 picha zake kadhaa zilianguka mfululizo mpaka wenye hela wakaanza kunong'ona kwamba jina lake lina mkosi. Amar ya 1954, ya Mehboob Khan, haikuuza, japo mi naiona ni moja ya picha jasiri za wakati ule, steringi wake ni mwanasheria anayemfanyia binti maskini unyama alafu ananyamaza, na Madhubala ni mchumba wake anayegundua. Watazamaji hawakutaka kumuona Dilip kwenye nafasi hiyo. Basi.

Cha ajabu, wakati nyumbani wanasema amekwisha, nje ndo wanamuimba. Jarida la Marekani la Theatre Arts lilimuandika 1952 kama staa mkubwa kuliko wote duniani, kwa hesabu ya idadi ya watu wanaozitazama picha za nchi yake, na mpigapicha wa jarida la Life, James Burke, alishampiga zile picha ambazo mpaka leo zinazunguka mtandaoni. Inasimuliwa pia dairekta Frank Capra alipokuja India kwenye tamasha la filamu la 1952 alitaka kumpeleka Hollywood, mzee akakataa. Watu wanalia sana na hilo la Hollywood, mi silii. Hollywood ya miaka ile ilikuwa haina cha kumpa mwanamke wa Kihindi zaidi ya kubeba trei na kucheza nyuma ya steringi mzungu.

Aliyemrudisha mjini ni Guru Dutt, kwa Mr. & Mrs. '55. Ni komedi ya mapenzi, muziki wa O.P. Nayyar, na humo ndo unaona kitu ambacho sura yake ilikuwa inakificha: huyu mwanamke alikuwa mchekeshaji. Ana taimingi. Anajua kukaa kimya nusu sekunde kabla ya kujibu, anajua kukunja pua, anacheka katikati ya mstari na haionekani amekosea. Kumbe shida ilikuwa maskripti, na uvivu wa wanaoandika, manake kila makala ya wakati ule inaanza na uzuri wake na inaishia na uzuri wake, kazi hawaioni.

Sasa moyo.

Mwaka 1954 akiwa Madras kwenye shutingi ya picha ya S.S. Vasan, Bahut Din Huwe, alitapika damu. Vasan na mkewe wakamuuguza pale hadi akapata nafuu, akaendelea na kazi. Habari zikavuja kidogo, familia ikazifunika, na sababu ni ileile ya tarehe: prodyuza gani atatoa advansi kwa staa anayeweza kuanguka katikati ya picha?

Ugonjwa wenyewe ulikuwa tundu la moyo la kuzaliwa nalo, lile la kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Chumba cha kushoto ndo kinachosukuma damu mwili mzima kwaiyo presha yake ni kubwa, cha kulia kinasukuma kwenda kwenye mapafu tu, presha yake ndogo. Ukuta ukiwa na tundu, kila moyo unapopiga kuna damu safi inarushwa kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi tena mapafuni bila sababu. Tundu dogo mtu anaishi nalo hadi uzeeni na asijue. Tundu kubwa linaleta kasheshe, ila polepole, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa wakisoma habari za Madhubala, wanashangaa mbona alikuwa anacheza na kuruka kwenye nyimbo. Ndio, unaweza. Mapafu yanapokea damu nyingi kwa presha kubwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi, vimishipa vyake vinaanza kukakamaa na kunenepa kuta, presha ya upande wa kulia inapanda kidogo kidogo, mpaka inafika siku inalingana na ya kushoto na kuipita. Hapo mkondo unageuka. Damu ambayo haijapita mapafuni, haina oksijeni, inaingia kwenye msafara wa kwenda mwilini. Midomo na kucha zinaanza kuwa na rangi ya bluu, pumzi inakata, mtu anazimia, anakohoa damu. Na mwili ukiona oksijeni haitoshi unaongeza kutengeneza chembe nyekundu, damu inakuwa nzito, inabidi ipunguzwe.

Sasa linganisha na alivyosimulia mdogo wake Madhubala baadae, kwamba damu ilikuwa inamtoka puani na mdomoni, na daktari alikuwa anakuja nyumbani kumtoa damu. Zamani watu walikuwa wanaisoma hiyo kama ushirikina wa kitabibu, eti mwili ulitengeneza damu nyingi kupita kiasi. Haikuwa ushirikina, inafanana kabisa na hatua hiyo ya mwisho ninayoielezea, ambayo madaktari wanaiita kwa jina la Eisenmenger, daktari wa Austria aliyeielezea mwaka 1897. Mi sio daktari wake na faili lake sijaliona, nasema tu inafanana.

Na kuhusu upasuaji angalia bahati ilivyokuwa mbaya. Machi 1954, yaani mwaka uleule aliotapika damu Madras, ndo daktari C. Walton Lillehei kule Minnesota, Marekani, kwa mara ya kwanza alifungua moyo na kuziba tundu la aina hiyo, kwa mtoto mdogo, na kwa vile mashine za kushika kazi ya moyo zilikuwa bado hazieleweki alimuunganisha mtoto na mishipa ya baba yake ili moyo wa mzee upige kwa niaba ya wote wawili. Mtoto mwenyewe hakuishi hata wiki mbili. Hicho ndo kilikuwa kiwango cha juu kabisa duniani! Leo mtoto wa Kitanzania mwenye tundu hilo anazibwa pale JKCI, taasisi ya moyo ya Muhimbili, ila lazima awahi, na neno kuwahi ndo kila kitu. Manake mapafu yakishaharibika na mkondo ukishageuka, lile tundu linakuwa ndo mlango wa kupumulia wa upande wa kulia, ukiliziba chumba cha kulia kinashindwa kusukuma na mgonjwa anakufia mezani. Kwaiyo madaktari wa London walipomkatalia hawakuwa wazembe, na wala sio kwamba hela haikutosha.

Turudi kwenye kesi, ambayo nayo imepakwa rangi sana.

Prodyuza B.R. Chopra alikuwa anaandaa Naya Daur, stori ya mwendesha farasi wa kubeba abiria anayeshindana na basi linalokuja kuua biashara yao. Kina Dilip na Madhubala wamesainiwa, Madhubala amechukua advansi ya rupia 30,000, shutingi ya Bombay imeanza. Picha ya namna hiyo huwezi kuimalizia studio, inataka barabara, vumbi, kijiji, na Chopra akapanga kama siku 40 za nje, upande wa Bhopal. Ataullah akagoma. Stori ya mtaani inasema aliona ni njama ya kumpa Dilip nafasi ya kuwa na binti mbali na nyumbani. Inawezekana kabisa. Lakini hebu ongeza vitu tulivyokwisha kuviona: siku 40 mfululizo ni siku ambazo maprodyuza wengine wote wenye advansi zao wanasubiri, na ni siku 40 mbali na madaktari wa Bombay kwa mtu aliyetapika damu akiwa safarini miaka miwili nyuma. Mzee hakuweza kuisema hiyo ya pili kwa sauti. Angeisema angeua soko la binti yake kwa mkono wake mwenyewe.

Chopra nae hakuwa mtu wa kubembeleza. Akamuingiza Vyjayanthimala, alafu akatoa tangazo gazetini jina la Madhubala likiwa limekatwa. Mzee akajibu na tangazo lake, kapanga picha zote za binti alafu kaikata Naya Daur. (Twitter ya wakati huo, mnaona.) Ikaenda mahakamani kwa habari ya advansi, 1957, na Dilip Kumar akapanda kizimbani kutoa ushahidi upande wa Chopra. Magazeti yaliripoti kwamba akiwa palepale alitamka mbele ya hakimu kuwa anampenda na atampenda mpaka kufa. Yaani unamwambia mtu unampenda huku unamzika kwa ushahidi. Picha ikatoka Agosti 1957, ikauza kweli kweli, na Chopra akaifuta kesi. Kwa Chopra ilikuwa imeisha.

Kuhusu kwanini hawakuoana zipo kauli mbili na hazipatani. Familia ya binti inasema kesi ndo iliyoua, kwamba Madhubala alimuomba Dilip amuombe radhi mzee, Dilip akasema wewe achana na baba yako, kila mmoja akakaza. Dilip kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka 2014 anasema kingine kabisa: mzee hakupinga ndoa, tena aliitaka, manake alikuwa na kampuni yake ya kutengeneza picha na alifurahi kuona mastaa wawili wakubwa chini ya paa moja, na yeye Dilip ndo aliyeogopa kugeuzwa mali ya kampuni ya ukweni. Mi nikipima, naona ya Dilip ina uzito kwa sababu kampuni ilikuwepo kweli, ilishatoa Naata mwaka 1955, na mzee alikuja kuongoza mwenyewe Pathan ya 1962. Ila ina kasoro moja, ni kauli ya mtu aliyebaki hai miaka zaidi ya 40 baada ya mwenzake, na hakuna wa kumjibu. Ukiangalia vizuri lakini, kauli zote mbili zinagombana kuhusu kitu kilekile, nani atashika mikataba.

Wakati haya yote yanatokea walikuwa bado wanashuti picha moja pamoja. Mughal-e-Azam.

K. Asif aliianza miaka ya 40 na waigizaji wengine kabisa, Nargis ndo alikuwa Anarkali, mcheza ngoma wa kasri, nafasi ambayo baadae ikaja kuwa ya Madhubala. India ikagawanywa 1947, tajiri wake Shiraz Ali akahamia Pakistani, alafu Chandra Mohan aliyekuwa acheze kama mfalme Akbar akafariki 1949. Asif akaanza upya miaka ya 50 kwa hela ya Shapoorji Pallonji, tajiri wa ujenzi. Kulikuwa na mpango wa kutoa picha kwa lugha tatu, Kihindi na Kiurdu kwa pamoja, Kitamil na Kiingereza, kwaiyo sini zilirudiwa mara tatu tatu. Hebu fikiria hiyo kwa mtu mwenye moyo tuliouelezea. Minyororo aliyofungwa gerezani ilikuwa ya chuma cha kweli, Asif hakutaka ya maigizo, na binti alikuwa anamaliza siku na michubuko. Ule ukumbi wa vioo wa wimbo wa Pyar Kiya To Darna Kya ulijengwa Mohan Studios kwa miaka, vioo kutoka Ubelgiji, na walipowasha taa kila kioo kikarudisha mwanga kwenye kamera, wataalamu wakasema haiwezekani, mpaka mpigapicha R.D. Mathur akaja na mbinu za kuukinga mwanga usiingie moja kwa moja. Sini hiyo ni ya rangi, wakati sehemu kubwa ya picha ni nyeusi na nyeupe.

Alafu kuna ile sini ya unyoya. Dilip anampitishia unyoya usoni, nyuma anaimba Ustad Bade Ghulam Ali Khan ambaye hakutaka kabisa kuimba kwenye sinema, akataja bei ya kumfukuza Asif, rupia 25,000 kwa wimbo, Asif akalipa. Wahindi wengi wanaiita sini ya mapenzi kuliko zote. Dilip anasema kitabuni kwamba walipoipiga walikuwa hata salamu hawapeani. Ndo maana nasema tuangalie kazi kwanza. Watu wanaitazama sini hiyo wakidhani wanaona mapenzi ya kweli yamevuja kwenye kamera, kumbe wanaona waigizaji wawili waliochukiana wakiwa kazini, na mwanamke anayefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa kope tu.

Picha ikatoka tarehe 5 Agosti 1960, uzinduzi Maratha Mandir, Bombay, na hakuna picha ya Kihindi iliyouza kuizidi mpaka ilipokuja Sholay 1975. Filmfare, zile tuzo kubwa za sinema za Kihindi, zikaipa tuzo ya picha bora. Tuzo ya muigizaji bora wa kike akapewa Bina Rai kwa Ghunghat. Madhubala hakuwahi kupata Filmfare maishani mwake, na kama kuna jambo kwenye habari hii linaloniudhi kuliko yote ni hilo, wala sio la Dilip.

Oktoba 1960 aliolewa na Kishore Kumar, yule muimbaji, ambaye ndoa yake ya kwanza ilikuwa imeshavunjika na ambaye walikuwa wamefanya pamoja Chalti Ka Naam Gaadi. Wakaenda London kwa madaktari, wakaambiwa upasuaji hapana, na muda uliobaki ni kama miaka miwili. Aliishi karibu tisa. Kuhusu hiyo miaka tena kauli zinagongana: Kishore alisema alimuoa akijua anaumwa na alimuuguza mpaka mwisho, familia inasema alimnunulia fleti Bandra akamuacha na nesi na dereva, anakuja kumuona mara moja kwa mwezi au mbili, hadi binti akarudi kwa baba yake Pali Hill. Kishore nae alikuwa anaimba na kucheza kwenye picha chungu nzima miaka ile, na hospitali zililipwa na mtu, sijui tunamhukumu vipi.

Alijaribu kurudi katikati ya miaka ya 60 kwenye picha moja na Raj Kapoor, akazidiwa mwanzoni kabisa, ikafa. Inaelezwa kuwa mwaka 1969 alikuwa anajiandaa kuongoza picha yeye mwenyewe, ameona kuigiza mwili hauwezi tena lakini kiti cha dairekta angeweza kukikalia. Akafariki tarehe 23 Februari 1969, siku tisa baada ya kutimiza miaka 36. Jwala, picha iliyokuwa imelala stoo miaka, ikatolewa 1971.

Kama hujawahi kumtazama, nakusihi usianze na Mughal-e-Azam, ni ndefu, Kiurdu chake kizito, utamuona kama sanamu zuri tu. Anza na Chalti Ka Naam Gaadi ya 1958, yeye na Kishore na kaka zake wawili wenye gereji, hasa ile sini anapoingia gereji usiku wa mvua gari limeharibika. Halafu Howrah Bridge ya mwaka huohuo, kwa ule wimbo wa Aaiye Meherbaan aliouimbia Asha Bhosle, ndo umuone akiwa muovu muovu kidogo. Mr. & Mrs. '55 ifuate. Ukishajua anachekaje na anakasirikaje ndo nenda kwenye Mughal-e-Azam, na ukipata toleo la asili chukua hilo, lile lililotiwa rangi nzima na kurudishwa kwenye majumba ya sinema 2004 ni zuri kwa macho ila linaua ule mshtuko wa ukumbi wa vioo, manake kwenye lile la asili unakuwa umekaa bila rangi muda wote huo.

Amar iache ya mwisho.